Pacha wa Taipu Yangu

Nilipokuwa kijana pale Nakuru niliamini kwamba kila taipu inayouzwa nchini ina pacha wake Boma, ofisini kwa mkuu wa wilaya, Bwana D.C. Wala sikuamini kwa kusitasita. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho asubuhi ng'ombe watakamuliwa. Ukigonga herufi chumbani mwako, herufi ile ile inajigonga yenyewe kwenye mashine pacha, mbele ya karani wa serikali, naye anasoma mambo yako huku akipuliza chai yake. Ukifika mwisho wa mstari, kengele inalia kwako na kwake pia. Ndiyo sababu waliitia kengele. La sivyo ingekuwa ya nini? Mtu anayeandika ana macho. Mstari ukiisha si anaona?

Habari hizi nilipewa na mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja. Yeye alikuwa mfagiaji, na kabla ya kuja Nakuru aliwahi kufagia ofisi kubwa za Nairobi, kwa hiyo katika mambo ya serikali sisi wengine tulimsikiliza kama tunavyomsikiliza daktari.

"Niliona na haya macho," aliniambia, akivuta ngozi chini ya jicho lake ili nilione vizuri. "Mashine iko peke yake mezani. Hakuna mtu karibu. Hakuna! Na inaandika. Ka-ka-ka-ka-ka! Karatasi inatoka kama ulimi wa ng'ombe."

"Na nani alikuwa anaigonga?"

"Si ndiyo nakuambia, bwana? Mtu wa mbali. Yeye anagonga yake huko aliko, na hii inafuata."

Msomaji asiharakishe kunicheka. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Kwenda mji wa pili kumjulia hali ndugu yako kulitaka kibali chenye mhuri. Katika siku kama zile, jambo gumu kuamini halikuwa kwamba serikali inasikiliza. Jambo gumu lilikuwa kuamini kwamba kuna mahali haisikilizi.

Mchana nilikuwa nikibeba magunia kwenye kinu cha unga, magunia mazito hata treni ikiyaona ilipiga honi ya kunihurumia. Jioni, nikiwa bado mweupe wa unga mpaka kwenye kope, niliingia shule ya watu wazima. Tulikuwa wanaume arobaini kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Nilisoma miaka mitatu, nikamaliza, nikapewa cheti. Cheti chenyewe kilikuwa kipana hivi kwamba tulipotaka kukitundika ilibidi tujadiliane kuhusu kuhamisha dirisha.

Elimu basi nilikuwa nayo. Kitu ambacho sikuwa nacho ni chombo cha kuandikia cha kumfaa mtu mwenye cheti kama kile. Shuleni nilikuwa nimetumia penseli ya wino, ile inayoandika kijivu mpaka uilambe, ndipo inatoa zambarau. Niliilamba miaka mitatu. Ulimi wangu ukawa zambarau siku za kazi, zambarau siku za Jumapili, na ni kwa sababu ya ulimi huo nilifahamiana na msichana mmoja kwenye foleni ya mfereji. Alikuwa mbele yangu na debe lake. Nilimsalimu, akageuka, akanitazama mdomoni.

"Wewe, kaka, umekunywa nini?"

"Elimu," nikamwambia.

Alicheka mpaka debe likamwagika. Nikalijaza tena, nikalibeba mpaka kwa shangazi yake, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Shangazi huyo alikuwa na sauti ya kusimamisha treni bila bendera. Alikuwa amejifungua, na msichana alikuwa ameletwa kutoka Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, aje kumsaidia. Baba yake alikuwa mnyapara wa wakamuaji kwenye shamba la Mzungu huko.

Sitasimulia yote ya miezi ile. Nilibeba maji mengi, hilo latosha. Mtoto wa shangazi aliogeshwa kuliko mtoto yeyote wa Bonde la Ufa. Wakati wa msichana kurudi kwao ulipofika, nilimwambia ninataka kumwoa. Hakushangaa. Akanipa maagizo kama mtu aliyekuwa ameyaandaa siku nyingi.

"Baba hamjui mtu wa Nakuru. Neno la mdomo la mtu asiyemjua analiona kama moshi tu. Hajui kusoma, lakini karatasi anaiheshimu. Andika barua, katekista atamsomea. Na tafadhali, iwe barua ya mtu mzima. Isiwe ya zambarau."

Hapo ndipo nilipoanza kuchagua chombo.

Kalamu ya kuchovya niliijaribu kwanza. Ina mwandiko mzuri, lakini lazima utembee na kichupa cha wino, na kichupa hicho kilifunguka mfukoni nikiwa ndani ya shati langu la pekee jeupe. Watu watatu walinikimbilia barabarani wakiuliza nimechomwa kisu na nani. Mwalimu wangu akaniazima kalamu ya kisasa, ile inayomeza wino ikautunza tumboni. Hiyo ilikuwa nzuri na nyepesi, na sikuwa na la kuilaumu; tatizo lilikuwa mkono. Mkono uliobeba magunia mchana kutwa ukishika kitu chembamba kama kile hutetemeka. Mwalimu alisoma insha yangu ya mwisho akiigeuza karatasi pande zote nne, halafu akaniuliza kwa upole kama ni ramani.

Ikabaki taipu. Na kwa taipu nilikuwa na hoja moja kubwa, ambayo mpaka leo siioni kama ya kijinga. Sikuwa nimewahi kuona mtu akikataa barua ya taipu. Ikikuambia uhame, unahama. Ikikuambia ufike Jumanne saa mbili, unafika Jumatatu unalala nje. Nikaona, kama barua ya aina hiyo ikimwambia mzee anipe binti, atafanya nini ila kutoa?

Katika mtaa wa maduka kulikuwa na fundi Mhindi, mzee aliyetengeneza cherehani, saa na taipu, akiwa na kioo kidogo kimebanwa jichoni muda wote, hata akila. Nilimkuta ana taipu mbili za kuuza. Moja ilikuwa ya ofisini, kubwa, ukiitazama unatafuta mahali pa kutia makaa. Ya pili ilikuwa ndogo, ndani ya sanduku lake jeusi lenye mpini.

"Hii kubwa iko ya meza," fundi alisema. "Wewe beba hii, mgongo nakwisha. Hii dogo iko ya safari. Fungua, andika. Funga, kwenda."

Nilibonyeza herufi moja. Ilipiga kelele safi, kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Nikaendelea mpaka mwisho wa mstari, kengele ikalia. Nikamsogelea fundi, nikateremsha sauti.

"Fundi, ingine ya kufanana na hii iko?"

"Ilikuja mbili. Sawasawa. Moja ilichukua Boma mwaka jana."

Alisema hivyo bila kuinua kichwa, akiendelea kufuta vumbi. Mimi nilishika meza. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameniambia kuna pacha. Sasa nilikuwa nimeambiwa mpaka anapokaa.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilifikiri kidogo, nikaona kwamba sina jambo baya la kuandika. Nataka kuoa tu, na kuoa hakujapigwa marufuku. Nilikuwa na baiskeli, baiskeli iliyojulikana kutoka Nakuru mpaka Kisumu kwa mlio wake wa kuteremka mlima. Fundi akaizunguka mara mbili, akabonyeza magurudumu, akakubali tubadilishane. Nilitoka dukani nikiwa na chombo kidogo cha kusafiri nacho popote, na bila kitu cha kusafiria.

Mwenzangu wa chumba aliponiona naingia na sanduku hakuuliza ni nini. Alilitazama, akalifunika kwa blanketi lake mwenyewe, blanketi lake la pekee, kisha akanivuta mpaka nje.

"Umemleta D.C. chumbani?"

"Nataka kuandika barua moja tu."

"Sasa nitakuwa naongea wapi mimi?"

"Haisikii sauti. Inasikia vidole."

"Umejuaje?"

Wiki ile yote alinong'ona, hata akiomba chumvi.

Mimi nilikuwa na swali tofauti, la adabu. Ukiingia nyumbani kwa watu ukakuta wageni wawili, mmoja mkubwa na mmoja uliyemfuata, je, utampita yule mkubwa kama kigogo na kuanza kuzungumza na wa pili? Huwezi. Unamsalimu mkubwa kwanza. Na kwa kuwa kila neno nitakaloandika litatokea mbele ya Boma, nilionelea ni utovu wa heshima kuanza na mambo ya mzee wa Ndabibi kabla sijamjulia hali mwenye mashine pacha. Barua niliipiga kwa siku tatu, kidole kimoja baada ya kingine, na nakala yake ya kaboni ninayo mpaka leo, maana shuleni tulifundishwa kuweka nakala. Inasema hivi:

"Kwa Bwana D.C. mtukufu. Salamu nyingi kama nyota. Mimi ni mzima, sijui wewe na mkeo memsahib. Ninatii sheria zote, zile ninazozijua na zile nisizozijua. Baada ya salamu hizo naomba kupewa binti wa pili, yule aliyekuja Nakuru kumsaidia shangazi yake, awe mke wangu. Mzee, nakusalimu wewe pia. Nina cheti na sinywi sana. Ni mimi wenu mtiifu."

Nikaitia posta. Siku chache baadaye gari la Bwana D.C. lilinipita karibu na stesheni, na yeye mwenyewe akiwa ndani alinipungia mkono. Inawezekana alikuwa anafukuza nzi. Wakati ule sikufikiria nzi. Nilimwambia mwenzangu wa chumba kwamba salamu zimefika, na yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyejua zamani.

Jibu la Ndabibi lilikuja baada ya wiki mbili, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Lilikuwa limeandikwa na katekista kwa penseli ya wino. Zambarau tupu.

"Barua yako tumesomewa mara mbili ili tuhakikishe. Tumesikia umemwomba D.C. binti. Kama D.C. ana binti, ni haki yake kukupa. Huyu wa hapa ni wangu. Ukipewa huko, utualike."

Nilimpelekea shangazi karatasi hiyo pamoja na nakala yangu ya kaboni, nikamsomea zote mbili. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Alisimama na kanga nusu imefungwa.

"Rudia pale mwanzo."

Nikarudia. Kwa Bwana D.C. mtukufu.

"Kwani wewe ulikuwa unamposa nani?"

"Msichana wenu, shangazi."

"Sikiliza, mwana wa watu. Kwetu, anayetajwa kwanza ndiye mwenye kutoa. Hata ukileta ng'ombe mia, jina la kwanza kutoka mdomoni mwako ni la baba wa msichana. Mama yake mwenyewe, aliyemzaa, hatajwi kabla ya hapo. Sasa wewe umemtaja nani? Mzungu mwenye kofia ngumu! Na memsahib wake juu! Na ndugu yangu umemsalimu wapi? Huko chini, 'wewe pia', kama mtu aliyekutwa jikoni."

"Shangazi, kulikuwa na sababu."

"Sababu gani?"

Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nimeshika siri ya serikali, ama ndivyo nilivyojiona. Nikasema nitaandika nyingine. Shangazi akamalizia kufunga kanga, akasema, "Andika kwa mkono." Lakini mkono wangu nimekwisha kuueleza. Isitoshe, baiskeli ilikuwa imekwenda. Mtu aliyetoa baiskeli yake kwa ajili ya kitu fulani hakiachi upesi hivyo.

Barua ya pili niliifikiria kwa makini zaidi. Nilijua sasa kwamba mzee lazima awe wa kwanza, lakini pia nilijua nani mwingine anasoma. Nikatafuta njia ya kuwaridhisha wote wawili, nikaanza hivi: "Bwana D.C., usichukie. Maneno yafuatayo si yako, ni ya mzee wa Ndabibi peke yake. Ukipenda, kanywe chai kidogo." Ndipo nikamgeukia mzee, na kutoka hapo nilimpamba kwa ukurasa mzima, kiasi kwamba kama angekuwa mlima, Longonot ingejificha.

Hiyo haikujibiwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Niliendelea kubeba magunia. Nakumbuka sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa kama mtu aliyekaa stesheni akijua treni inachelewa, na hajaambiwa kwamba imefutwa.

Aliyeniambia ni shangazi. Alikuja mpaka kwenye kinu, akasimama langoni, akaniita kwa ile sauti, na watu wote wa ghalani wakaweka magunia chini wakidhani wameitwa wao.

"Kuna mtu wa Gilgil amepeleka barua," alisema. "Ukurasa mmoja. Kalamu ya kawaida. Jina la ndugu yangu liko juu kabisa, peke yake. Jumapili hii wazee wanakaa."

"Na msichana amesema nini?"

"Amesema uende na miguu yako. Barua zako basi."

Nilipata kibali cha siku mbili. Jumamosi alfajiri treni iliniteremsha Naivasha, na sanduku la taipu mkononi. Nilikuwa nimeamua kuvunja siri. Ningemwonyesha mzee mashine, nimweleze pacha, naye angeelewa kwamba sikumtaja D.C. kwa dharau, nilimtaja kwa sababu alikuwepo. Bila mashine yenyewe, maelezo kama hayo yangekuwa moshi mtupu.

Fundi alisema ile taipu ni nyepesi. Kutoka dukani kwake mpaka chumbani kwangu ilikuwa nyepesi kweli. Kutoka Naivasha kuzunguka ziwa kwenda Ndabibi, kwa miguu, iliongeza uzito kila maili, na kufikia katikati ya safari ningeapa nimebeba ile kubwa ya ofisini pamoja na karani wake. Nilihamisha mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kichwani, begani. Nilifikiria baiskeli yangu. Viatu viliachia soli moja baada ya nyingine, kwa zamu.

Kwenye kizuizi cha barabarani kulikuwa na askari wawili.

"Fungua hiyo."

Nikafungua.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako wewe?" Alinitazama viatu. "Mtu wa taipu anatembea kwa miguu?"

"Nilitoa baiskeli ndiyo nikapata hii, afande."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa na kibali, lakini kibali kilinitaja mimi; hakikutaja taipu. Siku zile watu walikuwa wamelala ndani kwa mambo madogo kuliko hayo. Yule mkubwa akanyoosha rungu kuelekea kwenye jiwe.

"Weka hapo. Andika kitu tuone."

Nilipiga magoti kando ya barabara, nikatia karatasi. Vidole havikuniuliza. Vilikwenda vyenyewe mahali vilipozoea: Kwa Bwana D.C. mtukufu, salamu nyingi kama nyota. Kengele ikalia. Askari akaivuta karatasi, akaisoma kwa kidole, midomo ikitembea polepole, alipofika kwenye nyota akarudi mwanzo.

"Unamfahamu D.C.?"

"Huwa namwandikia," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kizuizi kikafunguliwa. Yule mdogo alinibebea sanduku mpaka kwenye kona. "Pole na safari, karani," aliniambia. Ukitaka kujua niliamini pacha wa taipu kwa kiasi gani nilipoingia Ndabibi jioni ile, kumbuka kwamba pacha huyo alikuwa ametoka kunifungulia barabara.

Niliwakuta kwenye kukamua kwa jioni. Mzee nilimtambua bila kuonyeshwa: mwembamba, mrefu, mikono ikimeta mafuta ya kukamulia, na kila mtu akifanya kazi haraka zaidi mzee alipotazama upande wake. Msichana alikuwa mlangoni pa chumba cha maziwa, kitambaa cha kuchujia mkononi. Aliangalia viatu vyangu, halafu sanduku, halafu akaangalia juu, kwenye mabati.

Mzee hakunisalimu. Alimaliza ng'ombe aliyekuwa naye, akanawa mikono, akapindua ndoo, akaikalia.

"D.C. hajambo?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Nyinyi si mnaandikiana?"

Wakamuaji wakacheka chini ya ng'ombe wao. Mimi nikaweka sanduku chini, nikaeleza. Nilieleza yote: mfagiaji, mashine ya Nairobi inayojigonga, pacha, kengele, fundi aliyekiri kwamba moja ilikwenda Boma, askari wa kizuizini. Nilisema kwamba mwenye kutoa ni yeye, na hakuna mwingine niliyetaka kumwomba tangu mwanzo; bali nilikuwa kama mtu anayeongea kwenye chumba chenye mkubwa wa serikali, nikamsalimu ili nipate nafasi. Nilipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Lete," mzee alisema.

Alikiweka kile chombo juu ya magoti yake, akakigeuza chini juu kama mtu anayetazama kwato za ndama. Alipitisha kidole pembeni, nyuma, chini ya herufi. Aliuvuta utepe, akaona wino kidoleni, akaunusa.

"Waya iko wapi?"

"Haina waya, mzee."

"Mimi kabla ya ng'ombe nilichimba mashimo ya nguzo za simu, kutoka Naivasha kuja huku. Nguzo moja ikianguka, hata Bwana mwenye shamba apige kelele namna gani, Naivasha hawasikii. Betri?"

"Haina pia."

"Bwana wa hapa ana redio. Betri yake nzito kama ndama. Ikiisha, redio ni kabati." Aligusa kengele kwa ukucha, ikalia. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kumwita karani, mzee. Kule Boma."

"Ng'ombe wangu wote wana kengele. Bado sijaona D.C. akija kukamua."

Hapo wakacheka tena, na msichana akajifunika uso kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, jambo ambalo katika chumba cha maziwa haliruhusiwi.

"Na ile ya Nairobi, mzee? Ile iliyojigonga?"

"Huyo rafiki yako ulimuuliza kama ilikuwa na waya?"

"Sikumuuliza."

"Miaka mitatu shuleni, walikuwa wanakufundisha kuuliza nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Taipu ninayo bado. Ndiyo ninayopigia haya. Mtu wa Gilgil alioa kwingine, na nasikia aliendelea kutumia kalamu ya kawaida. Mwenye kile kitambaa cha kuchujia maziwa yuko jikoni wakati huu, na kila kengele inapolia anauliza kwa sauti kama Bwana D.C. ameshasoma. Anadai pia kwamba safari ile nilipanda mkokoteni wa maziwa kuanzia katikati. Nilipanda, lakini mwishoni mwishoni.

Siku ile mzee aliifunga taipu ndani ya sanduku lake, akaufuta mpini kwa mkono wa shati ili mafuta yasibaki, akanirudishia.

"Kijana," alisema, "hiki ni chuma na utepe wa wino. Hakina waya, hakina betri. Ukigonga hapa, kinaandika hapa, basi. D.C. hajui hata kama ulizaliwa. Anayekusikia ni mimi."